Ramani ya Ulimi

Wanafunzi hawana simile. Wape muhula mmoja tu na mwalimu mpya, watakuwa wameshamvua jina alilopewa na wazazi wake na kumvisha jingine, na hilo la pili ndilo litakalomfuata mpaka kaburini. Huyu wetu, mwalimu wa baiolojia katika sekondari ya kutwa iliyo nyuma ya ghala la saruji, walimwita Mwongozo. Wala hawakumwonea. Kila swali aliloulizwa darasani alilijibu kwa kuufungua mwongozo wa kusahihishia mitihani, rundo la makaratasi yaliyobanwa kwa klipu kubwa nyeusi, na kusema, "Tuone wanataka nini." Hao waliotaka ni kina nani, hakuna aliyejua. Ila walikuwa wanataka, Mwongozo alijua wanachotaka, na wanafunzi wake walifaulu.

Tusimseme vibaya mapema, zamu yake itafika. Alikuwa mwalimu mzuri. Hakukosa kipindi hata alipokuwa na homa, na chaki yake haikuwahi kukwaruza ubao bila sababu. Wazazi wenye watoto wazito wa kuelewa waliwahamishia shule ile kwa ajili yake. Na kila mwaka, kidato cha pili walipofika mada ya milango ya fahamu, alifanya nao zoezi la ulimi, na zoezi hilo ndilo lililopendwa kuliko yote kwa sababu lilikuwa na sukari.

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi. Unaandaa vifuniko vya chupa: kimoja maji ya sukari, kingine ya chumvi, kingine ya ndimu, kingine ya shubiri. Wanafunzi wanakaa wawili wawili. Mmoja anatoa ulimi, mwenziwe anachovya kijiti cha pamba na kumgusa nacho ncha, pembeni na nyuma. Aliyeguswa anasema ameonja wapi, wanaandika. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya ulimi, aliyoichora Mwongozo kwa mkono wake na kuipaka rangi: utamu kwenye ncha, chumvi na uchachu pembeni, uchungu huko nyuma karibu na koo. Karatasi iliyolingana na picha ilipata alama zote. Isiyolingana ilikatwa.

Sasa, ulimi wa binadamu hauna mipaka ya namna hiyo. Unaonja utamu mbele, unaonja nyuma, unaonja pembeni. Kwa hiyo kila mwaka, watoto wa kidato cha pili waliguswa sukari nyuma ya ulimi, wakasikia utamu, wakainua macho wakatazama ukutani, halafu wakaandika kwamba hawakusikia kitu. Mtoto wa shule si mjinga. Anajua mkate umepakwa siagi upande gani, na hana haja ya kuuonja ili ajue.

Wote waliandika hivyo, isipokuwa binti mmoja.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo, Mwongozo akiwa bado ana nywele nyeusi tupu. Binti mwembamba wa dawati la mbele, wa maneno machache, alinyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, mimi sukari naisikia kote."

"Kote wapi?"

"Kote, mwalimu. Mbele, pembeni, nyuma. Nimejaribu tena na tena."

Mwongozo alikuwa na kipindi kingine baada ya hicho, na kelele zilikuwa zimeshaanza huko nyuma. Akamwita mbele. "Haya, toa ulimi." Binti akautoa. Mwongozo akauelekezea fimbo ya ubaoni na kuwaambia wengine, "Utazameni vizuri. Huu ni ulimi usiosoma kitabu."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwongozo naye alicheka, kwa maana mwalimu akipata kichekesho kinachokubaliwa na kidato cha pili ana haki ya kukifurahia. Kisha akageukia picha na kuanza kueleza upya, ncha hivi, pembeni hivi, na katika kueleza akamsahau binti. Binti hakuambiwa arudishe ulimi, naye hakuurudisha. Alisimama pale ulimi umetoka nje mpaka mate yakamdondokea kwenye ukosi wa shati la sare. Alipata mbili juu ya kumi. Tangu siku ile hakuwa na jina jingine shuleni isipokuwa Kote. Bombani, "Kote, umeonja maji?" Kwenye foleni ya chakula, "Kote, mpishi anakuita." Na Mwongozo mwenyewe alikisimulia kisa hicho chumba cha walimu mwaka hadi mwaka, chai ikinywewa, na hakikuwahi kuchuja.

Baadaye sana, kitabu kipya kiliingia maktaba ya shule, nacho kikasema wazi kwamba ramani ya ulimi ni kosa la zamani lililonakiliwa na watu wasiojisumbua kuonja. Mwongozo alikisoma amesimama. Akaenda maabara, akafunga mlango, akachovya kijiti kwenye sukari na kujigusa nyuma ya ulimi. Tamu. Akajifuta mdomo haraka kama mwizi wa sukari. Halafu akafungua mwongozo wa kusahihishia. Mwongozo ulikuwa haujabadilika: ncha, pembeni, pembeni, nyuma, alama moja kwa kila nukta. "Mtoto akiandika ukweli akafeli," alijiambia, "ukweli utamtafutia kazi?" Akairudisha klipu, na picha ikabaki ukutani.

Huyo ndiye mtu aliyeomba kusomea uzamivu wa baiolojia.

Usicheke. Alikuwa na kitu. Nyuma ya stoo ya maabara kulikuwa na ukuta wa mawe, na kila kiangazi konokono walipanda ukuta huo, wakajibandika, wakaziba mlango wa gamba kwa utando mweupe na kulala. Mvua ya kwanza ikinyesha, wengine waliamka. Wengine hawakuamka. Walingoja ya pili, na wapo waliongoja hata zaidi, ukuta ule ule, maji yale yale. Mwongozo alijiuliza kwa nini, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alijiuliza jambo ambalo halikuwa na mwongozo. Alianza kuwatia alama kwa rangi ya kucha aliyoichukua kwenye meza ya mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno makali na mkono mwepesi, na aligundua wizi huo mapema.

"Baba watoto," alisema, "konokono wanapakwa rangi, mke hapakwi. Haya, niambie nani ameolewa hapa."

Lakini alimnunulia chupa nyingine, nyekundu, inayoonekana kwa mbali. Yeye ndiye aliyemwambia aombe. Shahada ya pili alikuwa ameipata kwa kusoma wikendi, nywele zilikuwa zimeanza kuingia mvi, na kazini walikuwa wameshaanza kumwita mzee. "Utastaafu ukisema 'tuone wanataka nini'," mkewe alimwambia. "Na wewe je, unataka nini?" Swali lilimchoma, kwa kuwa jibu alikuwa nalo. Alitaka, kabla hajafa, kuwa mtu aliyegundua kitu, hata kama ni kidogo, hata kama ni cha konokono.

Binti yao mkubwa alimsaidia kujaza maombi kwenye simu. Ilibidi ataje msimamizi anayemtaka, akataja mhadhiri mmoja ambaye makala zake za konokono wa nchi kavu alikuwa amezisoma mpaka karatasi zikalegea. Jina la mhadhiri lilikuwa jina la ukoo wa mume, na halikumkumbusha mtu yeyote. Ujumbe wa kuitwa kwenye usaili ulipofika, fundi alisimamisha cherehani, akamshonea suti ya kijivu kutokana na kitambaa alichokuwa amekificha kwa ajili ya jambo la maana, na kumpa na ushauri juu yake.

"Wasomi ni kama wateja wangu. Mteja hanunui gauni, ananunua anavyojiona kwenye kioo. Nenda kawafurahishe."

Mtaani habari ilishavuja. Muuza duka aliyepakana nao alimpungia mkono kupitia nondo za dirisha. "Daktari! Mguu wangu huu unauma ukipanda ngazi."

"Mimi si daktari wa watu."

"Basi wa nini?"

"Konokono."

Muuza duka alifikiri kidogo. "Hao nao wana miguu?"

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, na kiyoyozi kilichotona kwenye ndoo pembeni. Watu watatu walikaa ng'ambo ya meza. Kulikuwa na profesa mzee mwenye kipara aliyesinzia kwa heshima, kidevu kikiwa kimeegemea tai. Kulikuwa na bwana mmoja aliyezama kwenye kompyuta yake. Na kulikuwa na mama wa makamo, nywele fupi, miwani, penseli mkononi. Huyu ndiye mhadhiri wa konokono. Walitaja majina, lakini Mwongozo alikuwa anarudia kichwani maneno yake ya kwanza na hakushika hata moja.

Alieleza konokono wake, na alieleza vizuri. Mama mwenye miwani alimuuliza kwa nini wanaochelewa kuamka wanachelewa, akajibu, "Sijui," kisha akaeleza angefanyaje ili ajue. Mama aliandika. Mambo yalikuwa yanakwenda. Ndipo mama huyo akaegemea mbele kidogo na kuuliza, kwa sauti ya taratibu, "Umefundisha miaka mingi. Tueleze siku moja ambapo mambo yaliyotokea mbele yako hayakulingana na kitabu. Ulifanya nini?"

Angeweza kusema konokono. Angeweza kusema, siku hiyo ilifika na mimi nikafunga klipu. Lakini kilichomjia ni yule binti mwembamba na kijiti chake cha pamba, kisa kilichokuwa kinachekesha chumba cha walimu, na mdomo ukatangulia kabla ya akili.

"Kuna mwanafunzi mmoja," alianza, "tulikuwa tunafanya zoezi la ramani ya ulimi. Picha nilikuwa nimeichora mwenyewe, ilikuwa ukutani. Binti akanyoosha mkono akasema, mwalimu, mimi sukari naisikia kote."

Bwana wa kompyuta aliinua uso. Mwongozo aliona hivyo, na njia ya mwongo ni fupi lakini mwanzoni huteremka.

"Darasa likamcheka. Nikawanyamazisha. Nikawaambia, watoto, leo tunaweka kitabu chini, tunauamini ulimi. Nikaiondoa picha yangu ukutani hapo hapo. Na yule binti nikampa alama zote."

Profesa mzee aliamka kabisa, akapiga meza kwa kiganja. "Huyo ndiye mwalimu!" alisema. "Mnaona? Huyo ndiye mwalimu!"

Utamu wa sifa ulimwingia Mwongozo mpaka kwenye visigino. Kama angenyamaza hapo. Lakini mtu akishajikwaa huku anashangiliwa hajui kama amejikwaa, naye akaongeza, "Sijui yuko wapi siku hizi. Ila popote alipo, naamini siku ile anaikumbuka."

Mama mwenye miwani aliilaza penseli mezani.

"Wenzake walikuwa wanamwitaje?" aliuliza.

"Walimwita... sikumbuki, kusema kweli."

"Kote," alisema mama. "Walimwita Kote."

Maji ya kiyoyozi yalidondoka kwenye ndoo. Profesa mzee aligeuka kwa furaha. "Ala! Unamfahamu?"

Mama alimtazama Mwongozo, na ndani ya miwani ile, ndani ya uso ule ulionenepa kidogo na kutulia, binti mwembamba wa dawati la mbele alikuwa ameketi. Alikuwa ameketi pale tangu mwanzo. Alikuwa amesoma maombi, ameona jina la shule na jina la mwalimu, na ameuliza alichouliza kwa makusudi. Sasa lilibaki neno moja tu kutoka kinywani mwake, na Mwongozo angetoka chumba kile akiwa uchi.

"Tulisoma shule moja," mama aliwaambia wenzake. "Mimi sina swali jingine."

Alimsitiri. Kuna aibu ya kuumbuliwa, na hiyo ina nafuu yake, maana ukishaumbuliwa umemaliza, unakwenda zako. Aibu ya kusitiriwa na uliyemkosea haina pa kutokea. Mwongozo alipewa mkono na profesa, akapewa mkono na bwana wa kompyuta, na mama mwenye miwani akampa mkono vilevile, mkavu, bila kubana wala kulegeza. Suti ya kijivu ilikuwa imelowa mgongoni.

Nyumbani aliingilia mlango wa nyuma ili asipite dukani. "Imekuwaje?" mkewe aliuliza, pini zikiwa mdomoni. "Vizuri," alisema. Alimwambia neno hilo hilo binti yake, akawaambia na walimu wenzake. Kila aliposema "vizuri" alisikia kofi la profesa mezani. Akiwa anapiga mswaki alikwepa kioo. Hata kwenda kuwaangalia konokono aliacha, kwa kuwa alihisi nao wanajua.

Jibu lilikuja mchana mmoja wa Jumamosi, binti akalisoma kwa sauti kutoka kwenye simu: amekubaliwa, na msimamizi wake ni yule aliyemwomba. Fundi aliruka kutoka kwenye kiti na kuiacha cherehani ikijishonea hewa. Alimkumbatia mumewe, akahisi anakumbatia gogo.

"Wewe, una nini?"

Ndipo akamwambia, binti akiwa ametumwa dukani. Alimwambia yote: picha, fimbo, ulimi, mate kwenye ukosi, mbili juu ya kumi. Kisha akamwambia aliyoyasema mbele ya wale watatu, na mmoja wao alikuwa nani. Alitegemea mkewe amcheke, au amtetee. Fundi hakufanya hata moja kati ya hayo. Alikaa, akauma uzi na kuutema.

"Na mimi nilikuambia uwafurahishe," alisema hatimaye.

"Si kosa lako."

"Najua si kosa langu. Sikiliza. Mimi nikiharibu kitambaa cha mtu, sikai nikamsimulia jirani jinsi nilivyokikata vizuri. Namwita mwenye kitambaa. Nakufa kwa aibu, lakini namwita. Nenda kwa mwenye kitambaa."

Ofisi ya mhadhiri ilikuwa mwisho wa ujia uliojaa makabati, chumba kidogo chenye trei za magamba ya konokono zilizopangwa mpaka dirishani. Mwongozo aligonga akiwa ameshajiandaa kwa maneno yote makali duniani. Mama alipomwona alisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Marahaba aliitoa nusu.

"Nimekuja kujitoa," alisema. Hakukaa. "Nafasi apewe mtu mwingine. Mimi nilisema uongo mbele yako, na juu yako."

"Ukijitoa wenzangu watauliza sababu, na itabidi niwaambie," alisema mama. "Mwalimu, nimeshakusitiri mara moja. Usinifanye nije nikuvue nguo sasa."

"Basi kwa nini ulinipitisha?"

"Kwa ajili ya konokono. Kwenye konokono hukusema uongo. Umeandika 'sijui' mpaka nikacheka, nikasema, huyu ni Mwongozo kweli?" Hakuwa anacheka. Alichukua gamba moja kutoka kwenye trei, akaligeuza vidoleni. "Nilikuuliza swali lile makusudi. Nilidhani umesahau, na nilikuwa tayari kwa hilo. Walimu wana watoto wengi. Kumbe unakumbuka kila kitu. Mpaka maneno niliyosema. Ulibadilisha mwisho tu."

Mwongozo alitamani sakafu ipasuke. Sakafu za ofisi hazina huruma hiyo. "Nisamehe, mwanangu," alisema, na neno hilo la mwisho lilimtoka kwa mazoea ya kazi, akalionea aibu nalo.

"Mimi ni mtu mzima, nilishasamehe. Yule mtoto sijui. Yeye hujamwomba." Alilirudisha gamba mahali pake. "Lile zoezi bado mnafanya?"

Uongo ulikuwepo, karibu kabisa, kama kawaida yake. Akaupita. "Bado. Kidato cha pili wanalifanya wiki ijayo."

"Na picha?"

"Iko ukutani."

Mama alivua miwani akaipangusa kwa pindo la blauzi, akaivaa. "Basi lifanyeni. Waambie waandike wanachoonja, si kingine. Usisahihishe chochote. Niletee karatasi kama zilivyo. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza kwangu."

Siku ya zoezi aliiondoa picha kabla watoto hawajaingia. Haikusaidia sana, kwa maana ukuta ulikuwa umefifia kote isipokuwa hapo, pakabaki pande moja la rangi mbichi, na wanafunzi walipoketi walilitazama hilo. Mwongozo aligawa vifuniko na vijiti. Akawaambia, polepole, "Leo hakuna jibu la kitabu. Gusaneni, onjeni, andikeni mlichoonja."

Binti mmoja wa upande wa dirishani alinyoosha mkono.

"Mwalimu, tuandike tunachoonja, au tuandike jibu?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu haikuwa mzaha. Kalamu zilikuwa juu, zinangoja kuambiwa.

"Mnachoonja," alisema Mwongozo.

"Na kwenye mtihani?" aliuliza mwingine.

Wakaanza kunong'onezana, anatupima huyu, ni mtego, dada yangu aliniambia utamu uko mbele. Mwongozo alisimama pale na chaki yake, akaelewa kwamba maneno yake hayana thamani tena mbele ya watoto hawa, na aliyeyashusha thamani ni yeye. Akaweka chaki chini. Akamwita yule binti wa dirishani aje mbele na kijiti cha sukari. Halafu, mbele ya kidato cha pili kizima, akatoa ulimi.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Darasa lililipuka. Walicheka wakapiga madawati, walicheka mpaka wa darasa la jirani wakachungulia mlangoni. Binti alimgusa mwalimu ncha, akamgusa pembeni, akamgusa nyuma. Mwongozo hakuurudisha. Aliuacha nje makusudi mpaka akahisi mate yanatiririka kidevuni na kudondokea tai, na kila tone lilimwambia jinsi dakika zilivyokuwa ndefu kwa mtoto aliyesahauliwa. Kisha akameza.

"Nimeisikia kote," aliwaambia. "Mbele, pembeni na nyuma. Haya, fanyeni zenu."

Walifanya. Walichovya, wakagusana, wakachekana, wakaandika. Kengele ilipolia alikusanya karatasi, akazibana kwa ile klipu nyeusi, na hakuzisoma mpaka alipobaki peke yake. Alizisoma moja baada ya nyingine, mkono ukimwasha kutafuta kalamu nyekundu. Zote zilikuwa sawa. Ncha, tamu. Pembeni, chumvi na uchachu. Nyuma, chungu. Hata ya binti wa dirishani, aliyemgusa kwa mkono wake na kusikia jibu kwa masikio yake. Yeye alikuwa amechora na ramani, akaipaka rangi.

Alizipeleka kama zilivyo. Mhadhiri alizipitia bila haraka, akiwa amekaa upande kwenye kiti, na hakuonekana kushangaa.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Nikasimama mbele yao nikatoa ulimi mpaka mate yakanidondoka."

Aliinua macho aliposikia hilo. Kisha akarudi kwenye karatasi, akachomoa moja yenye ramani ya rangi na kuiweka mezani katikati yao.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Wewe ulikataa," alisema Mwongozo. "Wewe peke yako ndiye uliyekataa."

"Siku ile. Mtihani wa mwisho wa mwaka swali lilirudi, hukumbuki? Niliandika ncha, pembeni, nyuma, vilevile kama ukutani. Nikapata zote. Ulinisimamisha mbele ya darasa ukawaambia wanipigie makofi."

Mwongozo alitafuta makofi hayo kichwani mwake, mwaka baada ya mwaka, hakuyapata. Alikuwa ametunza kicheko tu.

"Siku ya ulimi nilikasirika, mwalimu," alisema mama. "Siku ya makofi ndiyo niliyoona aibu."

Akamsogezea kiti kwa mguu. Mwongozo akakaa.